Korongo la Arizona na Ruhusa Niliyoisahau



Wasomaji wa ukurasa huu, na hasa mama zangu na dada zangu, wamezoea niwaandikie mas'ala ya twahara, ya saumu na ya ndoa. Juma hili nawaomba mnivumilie nisimulie safari. Na kwa kuwa ndani ya safari hiyo mna kosa langu mwenyewe, nalisimulia kwa idhini ya mama watoto, ambaye ameisoma karatasi hii kabla yenu na kufuta mahali pawili.

Binti yetu mkubwa ameolewa na kijana wa Malindi ambaye kazi ilimpeleka Phoenix, katika jimbo la Arizona, kusini magharibi mwa Marekani. Kwa miaka sita tulimwona kwa simu tu. Shule za huko zilipofungwa kwa likizo ya baridi mwezi wa Disemba, nayo madrasa yetu ikiwa imefungwa, tulipanda ndege mimi na mamake kwenda kumzuru. Kichwani nilikuwa na jangwa la vitabuni: mchanga mtupu, upepo, na ngamia mmoja kwa mbali. Nikakuta jangwa lenye miti.

Jangwa lile laitwa Sonora, na mti wake mkuu ni saguaro, wa jamii ya madungusi. Husimama wima kama nguzo ya msikiti, hufika mita 12 na zaidi, na mikono yake huinuka juu mfano wa mtu anayeomba dua. Tulikwenda kuiona katika hifadhi iliyo kando ya mji wa Tucson, na mjukuu wangu mwenye miaka tisa ndiye aliyekuwa mwalimu wetu siku hiyo. Alitwambia kwamba saguaro katika miaka yake minane ya mwanzo hauzidi urefu wa kiungo cha kidole, nao hukulia chini ya kivuli cha kichaka kinachoulea. Mkono wa kwanza hautoki mpaka mti uwe na miaka 50 au 70, na mahali pakavu zaidi huenda ukangoja hata 100. Ngozi yake ina mikunjo kama marinda; mvua ikinyesha mikunjo hufunguka mti ukanenepa kwa maji, na kiangazi kikija hujikunja tena.

Mama watoto alisimama mbele ya mmoja ambao ndio kwanza watoa kibonge ubavuni. "Basi huyu ni rika langu," akasema. "Mimi nimeshazaa sita na kulea wajukuu, naye ndiyo kwanza aota mkono."

Wenyeji wa asili wa nchi ile, watu wa Tohono O'odham, huangua matunda ya saguaro mwanzo wa kiangazi, mwezi wa Juni, kwa ufito mrefu uliotengenezwa kwa mbavu za saguaro uliokufa. Nilipoonyeshwa picha yake nilicheka peke yangu, kwani ni upembo ule ule tunaoangulia maembe, umeumbwa kwa mti mwingine.

Yafaa nieleze kwa nini watu huenda kutembea majangwani wakati wa baridi. Phoenix kiangazi joto hupita nyuzi 40, na mtu hawezi kushika mlango wa gari kwa mkono mtupu. Disemba mchana ni kama Nairobi mwezi wa Julai, jua lipo lakini halichomi. Basi familia nzima nzima hutoka na vikapu vya chakula na kupanda vilima. Binti yetu alipika mahamri ya iliki, akajaza chupa mbili za chai, nasi tukawa kama wenyeji.

Laiti tungeishia hapo. Lakini mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amjazi kheri, alikuwa ametupangia siku mbili za kwenda Grand Canyon, mwendo wa gari wa kilomita zipatazo 370 kaskazini. Njia yapanda muda wote. Madungusi yalituaga kwanza, vikaja vichaka, kisha misonobari, na tulipofika Flagstaff, mita 2,100 juu ya bahari, theluji ilikuwa imelala kando ya barabara kama pamba iliyomwagika sokoni. Mama watoto aliomba gari lisimame, akashuka, akaishika kwa mikono miwili, kisha akaomba glavu.

Korongo lenyewe siwezi kulieleza sawasawa. Mtu hutembea baina ya miti, hajui lolote, mara ardhi yakatika miguuni pake. Urefu wake ni kilomita 446, upana mahali pengine wafika kilomita 29, na kina chake ni zaidi ya kilomita moja na nusu. Huko chini kabisa mto Colorado, ambao ndio uliolichonga, waonekana kama uzi. Kuta zake ni matabaka mekundu, ya kijivu na ya manjano, yamepangwa kama shuka kabatini, na theluji imekaa juu ya kila kingo. Mama watoto alisema "Subhanallah" mara moja tu, na kwa kitambo kirefu hakusema tena.

Tabaka la juu kabisa, lile tulilolikanyaga, ni jiwe la chokaa lililoumbika chini ya bahari yenye maji ya vuguvugu na kina kidogo. Wajuzi wa miamba wakadiria ni miaka milioni 270 iliyopita. Mkwe wangu alituonyesha alama za makombe na sifongo ndani yake. Si matumbawe hasa, lakini mama watoto ni mzaliwa wa Lamu, amekulia ndani ya kuta za mawe ya bahari. Alipitisha kidole juu ya lile kombe, akasema, "Hili jiwe la kwetu. Limefikaje huku juu?" Nami niliyezoea kuulizwa na kujibu, nilijibu kwamba Aliyeinua milima ndiye aliyeliinua.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wangu wa Mombasa watalipenda. Sisi qibla chetu ni kaskazini, karibu kabisa na kaskazini halisi, kwani Makka iko juu yetu kama tuchoravyo mstari. Nilidhani Marekani nitaelekea mashariki. Kumbe, kwa kuwa dunia ni duara na njia fupi ya kwenda Makka kutoka Arizona yapitia juu, qibla cha huko chakaribia kaskazini nacho, kimeinama kidogo tu upande wa mashariki. Nasi tulikuwa ukingo wa kusini wa korongo. Basi niliposimama kuswali Alasiri siku ile, korongo zima lilikuwa mbele yangu, mimi upande huu na qibla upande ule. Sikumbuki kuswali mahali ambapo kusujudu kulikuwa kwepesi kama pale.

Kabla ya swala hiyo palikuwa na kisa cha udhu. Maji ya bomba yalikuwa baridi ya kukata vidole. Sasa, kwa zaidi ya miaka 25 nimewasomesha vijana mlango wa kupangusa juu ya khuffu mbili katika kitabu cha Abii Shujaa. Nimewahifadhisha masharti yake: zivaliwe baada ya twahara kamili, zifunike vifundo, ziwe safi, zistahimili mwendo, mkaazi usiku na mchana mmoja, msafiri siku tatu. Wanafunzi wa Mombasa husoma mlango ule kama hadithi za kale, maana nani kwetu avaaye khuffu? Siku ile nilikuwa nimevaa buti za ngozi alizoninunulia binti yangu, zilizopita vifundo, na nilizivaa nikiwa na udhu. Nikalowesha vidole, nikapangusa juu yake, nikainuka. Nilifurahi kama mtoto. Nilimgeukia mkwe wangu nikampa darsa zima pale pale kwenye baridi, kwamba dini yetu ni nyepesi, na kwamba tumepokea kuwa Mwenyezi Mungu hupenda waja wake wazichukue ruhusa zake kama apendavyo watekeleze amri zake. Mama watoto alikuwa kando akisikiliza. Lishikeni hilo.

Asubuhi ya pili tulishuka korongoni kwa njia ya miguu iitwayo Bright Angel. Njia hii imechongwa ubavuni mwa mwamba, yazunguka zunguka kama ngazi ya mnara, nayo hupitwa pia na nyumbu, au baghala kama wasemavyo wazee wetu, waliobeba watu na mizigo. Sehemu ya juu haipati jua wakati wa baridi, basi theluji iliyokanyagwa hugeuka barafu. Mkwe wangu alitufunga sote vyuma vyenye meno chini ya viatu. Mwanzoni mwa njia kuna mabango ya kuonya, na maana yake ni kwamba kushuka ni hiari yako ila kupanda huna hiari. Watunzaji wa hifadhi hushauri mtu ahesabu kwamba kupanda kutamchukua mara mbili ya muda wa kushuka. Mkwe wangu aliongeza kanuni yake: thuluthi ya maji kwa kushuka, thuluthi mbili kwa kurejea.

Ni njia ya ajabu, yenye kudanganya. Mlimani mwanadamu huchoka kwanza, kisha hushuka. Huku ni kinyume. Unaanza kwa wepesi, miguu yakwenda yenyewe, kila kona yafungua mandhari mapya, wala hakuna kitu kinachokwambia kwamba kila hatua ni deni.

Mna mahali pawili ambapo mwamba umetobolewa njia ikapita ndani. La kwanza liko karibu sana na mwanzo. Tulipofika la pili, mama watoto alikaa juu ya jiwe, akavuta pumzi, akasema, "Hapa pamenitosha, Maalim."

Binti yetu akadakia, "Baba, nyinyi endeleeni. Mimi nitarejea na Mama polepole."

Nami nikasema maneno ambayo siku ile niliyaona ni ya hekima: "Tumekuja pamoja, tutarejea pamoja. Bado kidogo tu."

Nataka niwe mkweli, kwa sababu maneno yenyewe yalikuwa mazuri na nia ndiyo iliyokuwa mbovu. Sikuwa namfikiria yeye. Nilikuwa na miaka 57, mbele yangu yuko mkwe kijana ambaye usiku wa jana alinishikia mkono kunivusha kwenye barafu kana kwamba mimi ni mzee, na yuko mjukuu aliyekuwa akitangulia mbio akigeuka na kunita. Nilitaka kufika kwenye kibanda cha mapumziko, kilomita 2.4 chini ya ukingo, ili nikirejea Mombasa niseme nilifika. Na sikutaka kufika huku nikisemwa kwamba nilimwacha mke njiani. Basi nikamchukua.

Alinyanyuka. Hakubisha. Kwa miaka 33 nimekuwa nikinyanyuka naye akinyanyuka.

Tulifika kibandani saa saba kasorobo. Bomba la maji lililoko pale lilikuwa limefungwa, kwani hufungwa majira ya baridi mabomba yasipasuke. Tulikula mahamri. Tuliondoka mkahawani asubuhi tukiwa na udhu, nao ulikuwa haujavunjika. Tulivua buti, maana ardhi ile ina mavi ya nyumbu na mimi ni Shafi, tukatandika mkeka, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kufupisha. Rakaa mbili, rakaa mbili. Ruhusa nyingine hiyo, na nikaichukua bila shida yoyote.

Kisha tukaanza kupanda.

Sitaeleza kila kona. Tulikuwa tumeshuka mita zaidi ya 300, na zote zilikuwa zikitungoja. Mama watoto ana goti lililomsumbua tangu kuzaliwa kwa mtoto wa mwisho, nami nalijua goti hilo kama nijuavyo mlango wa nyumba yangu. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko yetu wana wa pwani, pumzi moja haitoshi hatua mbili. Alikuwa akienda hatua ishirini, anakaa. Kisha hatua kumi, anakaa. Vijana walitupita, wazee walitupita. Jua liliondoka ukutani kwetu mapema, likabaki likiwaka upande wa pili wa korongo, jekundu, zuri kupita kiasi, na baridi ikashuka juu yetu kama shuka iliyoloa. Mkwe wangu alikuwa nyuma yake, binti mbele akimshika mkono. Mjukuu alikuwa hasemi tena.

Karibu na lile tundu la pili alikaa juu ya jiwe lile lile. Niliinama kumfunika skafu yangu. Aliniangalia, na sauti yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira ningeimudu. Akasema, "Maalim, jana ulitufundisha ruhusa. Ya miguu yako wewe umeichukua, ya swala umeichukua. Mimi yangu niliiomba hapa hapa, hukunipa. Kwani yangu ilikuwa ni ya kwako kuigawa?"

Binti yetu aligeuza uso kutazama ng'ambo. Mimi niliyejibu watu kwenye mimbari na kwenye redio sikuwa na neno. Nilikumbuka mambo mengine, wala hayakuwa ya Arizona. Ramadhani aliyofunga akiwa mjamzito kwa sababu nilinyamaza alipouliza, ilhali jawabu nalijua. Wageni niliowaleta nyumbani usiku baada ya yeye kulala. Safari ya mazishi ya Pate, kwa jahazi, akiwa na homa. Kila mara hakubisha, nami kila mara nilikuita huko kutobisha kwake kuwa ni radhi.

Nilichuchumaa mbele yake kwenye barafu, nikasema, "Nisamehe."

Akavuta pumzi. "Kwanza nifikishe juu," akasema, "ndipo tuzungumze habari za kusameheana."

Walipita mume na mke, watu wazima kutuzidi, weupe, wenye fimbo nyepesi za kutembelea mikononi. Yule mama alimtazama mama watoto, asiulize mengi, akampa fimbo zake mbili na kumwonyesha jinsi ya kuzikita kabla ya kuinua mguu. Alituambia tuziache mapokezi kwenye mkahawa wa ukingoni, ataziona kesho. Kisha akaenda zake akimshika mumewe mkono. Hatukupata hata kumwuliza jina.

Jua huko Disemba huzama saa kumi na moja na dakika ishirini hivi. Tulifika juu giza likianza, tochi mkononi mwa mkwe wangu, sisi watano, salama, alhamdulillah. Safari ambayo wengine huipanda kwa saa mbili sisi ilituchukua karibu nne. Binti yetu alimvua mamake viatu garini na kumsugua miguu. Nilitaka kulifanya mimi, akanambia, "Baba, ngoja."

Tulisameheana baadaye, na hapo ndipo mahali pa kwanza alipofuta.

Siku ya kurejea, mkwe wangu alitupeleka kwa gari mpaka Los Angeles tupande ndege. Njiani, kilomita zipatazo 200 magharibi ya Phoenix, mna kijiji cha jangwani kiitwacho Quartzsite. Wakati wa baridi hujaa wazee wa Kimarekani waliokimbia theluji za kaskazini, nao huishi ndani ya magari yao makubwa yaliyo kama nyumba. Nilikuwa nimeomba tusimame hapo, kwani katika makaburi ya kijiji mna kaburi nililotaka kulizuru.

Mwaka 1856 jeshi la Marekani lilileta ngamia kutoka nchi za Waislamu, likiwashusha katika pwani ya Texas, ili wajaribiwe kubeba mizigo majangwani. Walikuja pamoja na wachungaji wao. Mmoja wao aliitwa Haji Ali. Wamarekani wakashindwa na jina lake, wakamwita Hi Jolly. Mwaka uliofuata ngamia walitumika katika msafara wa Luteni Edward Beale uliopima njia kuvuka Arizona kuelekea mto Colorado, nao walivumilia kiu na mizigo kupita nyumbu. Lakini askari hawakuwapenda, vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, na jambo likafa. Haji Ali hakurejea kwao. Alichukua uraia, akatumia pia jina la Philip Tedro, akaishia kutafuta madini jangwani, na hapo Quartzsite akafa Disemba 1902. Mwaka 1935 walimjengea juu ya kaburi lake piramidi ndogo ya mawe, na kileleni pake ngamia wa shaba.

Wanahistoria wamehitilafiana juu ya asili yake, na hali ya moyo wake mwishoni yajulikana na Mola wake. Nilisimama nikamwombea kama tumwombeavyo kila aliyeitwa kwa jina hilo. Mama watoto alikuwa amekuja polepole, kwenye ardhi tambarare, jua la asubuhi likimpiga usoni.

"Alikuwa na mke huyu?" akauliza.

Nikamwambia alikuwa naye, alimuoa Tucson mwaka 1880, wakazaa mabinti wawili.

"Na kabla ya kuja kuchimba mawe huku, alimwuliza?"

Mjukuu alicheka bila kujua anacheka nini. Mimi nilikuwa nimekusudia kuzunguka makaburi mengine, kwani palikuwa na mawe yenye maandishi ya zamani upande wa pili.

"Goti laniuma," akasema. "Narejea garini."

Nikachukua mkoba wake, tukarejea.